Rubani wa meli au nahodha wa tagi: ulinganisho kwa vijana wa Mbeya, Iringa na Njombe

Meli kubwa ya makontena haiingii gatini kwa nguvu yake peke yake, wala haiingizwi na mtu mmoja. Juu, kwenye chumba cha usukani, anasimama rubani, mtu wa bandari aliyepanda melini kumwongoza nahodha mgeni katika maji asiyoyajua. Chini yake, omoni (mbele ya meli) na tezini (nyuma yake), kuna tagi: vyombo vifupi, vinene, vyenye injini kubwa kuliko umbo lao, vinavyovuta na kusukuma kwa amri yake. Kazi hizi mbili hufanyika saa ile ile na kwa meli ile ile. Anayezitazama kutoka Kivukoni, Dar es Salaam, hudhani ni ngazi moja, kwamba kijana aanze kwenye tagi kisha apande hadi urubani. Wazazi wengi wa huku kwetu wanalipa ada kwa dhana hiyo, na inawagharimu miaka ya watoto wao.

Mimi ni mtu wa Rungwe niliyefanya kazi kwenye sitaha ya tagi, na kila nikipanda huku juu swali ni lile lile: kijana wetu amefaulu fizikia na hisabati, anataka mambo ya meli, aelekee wapi? Naona ni swali zuri. Makontena yanayopanda Kitonga kwenda Tunduma, mengine yakiendelea hadi Zambia na Kongo, yamepita mikononi mwa watu hawa wawili kabla hayajafika kwa dereva wa lori. Parachichi la Rungwe na Njombe husafiri kwenye kontena la ubaridi wa nyuzi 5 hadi 7, na tunda hilo halisubiri. Meli ikichelewa kufunga gatini, linaendelea kuiva na soko linalipangia bei nyingine. Sisi wa milimani tumo ndani ya kazi hii, hata kama bahari tunaiona mara chache.

Kazi ya rubani

Rubani hupelekwa na boti ndogo hadi nje ya mlango wa bandari. Meli haisimami kumngoja. Hupunguza mwendo na kukaa kwa namna ambayo upande wa ngazi umekingwa na upepo na mawimbi, naye hushika ngazi ya kamba yenye vidato vya mbao wakati boti ikipanda na kushuka chini ya miguu yake. Kanuni za usalama wa meli za SOLAS zinasema kimo cha kupanda kikizidi mita 9, ngazi ya kamba iunganishwe na ngazi ya ubavuni ya meli, ili mtu asining'inie kwenye kamba tupu hadi juu. Marubani wamefia kwenye ngazi hizi katika bandari nyingi duniani, wakiwemo wenye uzoefu mkubwa. Mzazi anayedhani urubani ni kazi ya kukaa kwenye kiti alijue hilo mapema.

Akifika juu, yeye na nahodha hupeana taarifa: meli ina urefu gani, imezama kiasi gani majini, propela inageukia upande upi, injini inaitikaje, tagi ni ngapi na zifungwe wapi. Kuanzia hapo rubani ndiye anayetoa amri za usukani na injini, lakini nahodha bado ndiye mwenye dhamana ya meli na anaweza kuingilia kati. Watu wawili, mamlaka mbili, chumba kimoja. Anayeshindwa kuzungumza na mtu mzima wa taifa jingine kwa utulivu na kwa Kiingereza kilichonyooka hawezi kazi hii, hata awe bingwa wa hesabu.

Na hesabu zenyewe zinahitajika kweli. Chukua meli ya karibu mita 300, ukubwa ambao bandari ya Dar es Salaam sasa inaupokea. Ubavu wake pamoja na makontena yaliyopangwa juu unaweza kufikia mita za mraba 9,000. Upepo wa noti 20, yaani kama mita 10 kwa sekunde, ukiupiga ubavu huo moja kwa moja unausukuma kwa nguvu ya takriban tani 55. Ukipanda hadi noti 30 nguvu haiongezeki kwa nusu, inazidi mara mbili na kufika zaidi ya tani 120, kwa sababu nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake. Tagi ya kisasa ya bandarini huvuta kama tani 50 hadi 70. Rubani anayeamua kuingia au kungoja nangani wakati kusi inavuma anapiga hesabu hiyo kichwani, na akikosea hakuna tagi ya ziada itakayotokea ghafla.

Kuna pia kina. Meli inayotembea kwenye maji haba huzama zaidi kuliko ikiwa imesimama, na kadiri inavyokwenda kasi ndivyo inavyozidi kuzama. Kwa kanuni ya kukadiria inayofundishwa vyuoni, meli ya makontena ikipita kwenye mfereji mwembamba kwa noti 10 inaweza kushuka zaidi ya mita 1. Ikipunguza hadi noti 5, inashuka kama sentimita 30 tu. Maji ya Dar es Salaam nayo hujaa na kupwa kwa zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, kwa hiyo saa ya kuingia huchaguliwa kwa kuangalia jedwali la maji. Kisha kuna kivuko cha Kigamboni kinachokata mlango wa bandari chenye watu na magari, na kona unayopaswa kuipinda ukiwa na chombo cha mita 300.

Shida ni kwamba huwezi kupunguza mwendo upendavyo. Injini nyingi za meli hizi zimeunganishwa na propela moja kwa moja, na mwendo wao wa chini kabisa unaweza kuwa noti 6 au zaidi. Ukitaka polepole kuliko hapo inabidi uizime injini, na ukiizima, maji yanayopiga usukani yanapungua na meli inaacha kukusikiliza. Kuiwasha tena kunahitaji hewa iliyoshindiliwa kwenye matangi. Sheria za ujenzi wa meli hutaka hewa ya kutosha kuwasha mara 12 mfululizo, kwa hiyo mtu hachezi na kuwasha na kuzima. Dereva anayeteremka Kitonga na mzigo anajua mwendo wa kona ya chini huamuliwa juu, kwenye gia aliyoichagua kabla mteremko haujaanza. Rubani naye huamua mwendo wa gatini akiwa bado nje ya mlango. Mita mia za mwisho zinaonyesha tu kama aliamua vizuri.

Ninachotaka kijana akione hapa ni kwamba rubani hashiki chochote. Mshika usukani ni mwingine, injini iko kwa mwingine, kamba za tagi ziko kwa wengine. Yeye ana macho, sauti, redio na kumbukumbu ya maji yale. Wapo watu wanaoipenda kazi ya namna hiyo, na wapo ambao ingewatesa.

Kazi ya nahodha wa tagi

Huku chini mambo ni kinyume. Nahodha wa tagi ana kila kitu mikononi. Tagi nyingi mpya zina propela mbili chini ya tezi, kila moja ikiweza kuzunguka nyuzi 360, na kila mkono wa nahodha una kishikio chake. Chombo kinaweza kwenda mbele, nyuma na upande, au kuzunguka pale pale kilipo. Hakuna kitabu kinachoufundisha mkono huo. Unajifunza kwa kukaa karibu na aliyekutangulia, ukimtazama, ukisahihishwa, hadi siku unagundua huwazi tena kishikio kielekee wapi.

Meli ikiwa bado inakwenda, tagi ya tezini hukaribia, baharia wa meli hurusha kamba nyembamba, mabaharia wa tagi hufunga juu yake kamba kubwa, nayo huvutwa hadi kwenye bolardi, nguzo fupi ya kufungia kamba. Tagi ya omoni hufanya vivyo hivyo mahali penye hatari zaidi, kwa sababu maji yanayosukumwa na omo ya meli kubwa huivuruga tagi na yanaweza kuitupa chini ya meli. Ndiyo maana mwendo wa meli ni suala la uhai kwa watu wa tagi. Meli ikikimbia kupita noti 6, tagi iliyoko ubavuni hutumia sehemu kubwa ya nguvu yake kujiendesha tu iende sawa na meli, na kinachobaki cha kusukuma ni kidogo.

Kisha amri zinaanza kushuka kwenye redio ya VHF, fupi fupi, kwa Kiingereza cha bandarini: tagi ya tezi ivute robo, tagi ya omo isukume polepole, simama. Nahodha hurudia kila amri ili rubani ajue imesikika. Meli huletwa kwenye eneo la kugeuzia, mara nyingi ikageuzwa ili omo ielekee ilikotoka, halafu husukumwa kiubavu kuelekea gati. Mita za mwisho zinapaswa kwenda kwa sentimita 10 hadi 15 kwa sekunde, mwendo ambao jicho la mgeni halioni hata kama kuna kinachosogea. Uzito wa tani 80,000 ukigusa fenda, yaani kinga ya gati ya kupokea kishindo, kwa mwendo mara mbili ya uliokusudiwa, kishindo chake ni mara nne. Fenda hupasuka, gati huumia, na meli ikaondoka na alama ubavuni.

Hatari kubwa ya tagi ni kamba yake. Kamba ikianza kuivuta kwa ubavu na nahodha akashindwa kuigeuza tagi ielekee inakovutwa, tagi hulala na kupinduka, na hilo hutokea kwa sekunde chache. Tagi za zamani, zile zenye propela zisizogeuka na ndoano ya kamba katikati ya chombo, ndizo zilizo wazi zaidi kwa ajali hiyo. Kwa hiyo kuna kifaa cha dharura cha kuachia kamba, na kuna sheria ambayo kila baharia wa tagi anapaswa kuishika kama sala: wakati wa kuvuta, milango ya chini yote ifungwe. Kamba ikikatika nayo huruka na kuua. Hakuna kusimama kwenye njia yake, hata kwa dakika moja ya kupiga picha.

Wafanyakazi wa tagi ni wachache na wanajuana. Nahodha, injinia, mabaharia wa sitaha. Ukiwa mkali bila sababu, watu wote wanalijua kabla ya saa sita mchana. Ukiwa mzembe, wanakataa kutoka nawe. Kwa kijana aliyekulia kwenye familia kubwa ya kushirikiana, nadhani sitaha ya tagi huzoeleka haraka kuliko meli ya kigeni.

Njia ya kufika: hapa ndipo watu hupotea

Wote wawili wanaweza kuanzia Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI), na vyeti vya mabaharia husimamiwa na TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli. Masharti yenyewe yanatoka kwenye STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia wa 1978, uliorekebishwa kwa kiasi kikubwa 1995 na 2010.

Kwa njia ya meli kubwa, mwanafunzi aliye kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa anatakiwa apate angalau miezi 12 ya kazi baharini, akiwa na kitabu cha kumbukumbu za mafunzo, ndipo awe afisa wa zamu. Nje ya mafunzo hayo ni miezi 36. Akishakuwa afisa, miezi 12 inamfungulia mlango wa afisa mkuu. Unahodha wa meli za tani 3,000 na zaidi unataka miezi 36 ya uafisa, au 24 kama 12 kati yake alikuwa afisa mkuu. Hiyo ni miezi ya kuwa melini hasa. Ongeza likizo, mitihani, na vipindi vya kungoja meli, na miaka kumi ni hesabu ya mtu aliyebahatika.

Baada ya yote hayo ndipo urubani unapoanza. STCW haitoi cheti cha urubani wa bandari. Kila nchi huweka masharti yake, ikiongozwa na mapendekezo ya 2003 ya IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya bahari, na bandari nyingi hutaka mtu ambaye tayari ni nahodha au afisa mkuu wa meli kubwa. Akipokewa, husafiri na marubani wenyeji, huanza na meli ndogo, kisha huongezewa urefu na kina hatua kwa hatua.

Njia ya tagi ni fupi zaidi. Tagi nyingi za bandarini ziko chini ya tani 500 za ujazo, na kwa vyombo vya ukubwa huo vinavyokwenda karibu na pwani STCW ina vyeti vyake: nahodha awe na umri usiopungua miaka 20 na miezi 12 ya kuwa afisa wa zamu, pamoja na mafunzo na mitihani. Kijana makini anaweza kushika chombo wakati mwenzake wa meli kubwa bado ni afisa wa chini.

Sasa sikiliza hili vizuri. Muda unaohesabiwa na STCW ni wa meli za baharini, na mkataba huo unaziweka kando meli zinazofanya kazi kwenye maji ya ndani au yaliyokingwa tu. Miaka mingi kwenye tagi isiyotoka bandarini haigeuki yenyewe kuwa muda wa kuomba unahodha wa meli kubwa. Kijana anayeanza tagi akiwa na ndoto ya urubani anaweza kufika miaka 35 ana mkono wa dhahabu na cheti kisichomfikisha kule. Kama ndoto ni urubani, nenda baharini kwanza. Tagi unaweza kuijia baadaye, na rubani aliyewahi kukaa kwenye tagi ni hazina, kwa sababu anajua amri yake inamfikiaje mtu aliye chini.

Ziwa Nyasa linaingia hapa kwa ufupi. Vijana wa Kyela wanaona MV Mbeya II, MV Njombe na MV Ruvuma na kuuliza kama wanaweza kuanzia nyumbani. Kwa kujifunza sitaha, kamba, nidhamu ya chombo na kuiheshimu hali ya hewa, naam, upepo wa mwera haumbembelezi mtu. Lakini ziwa ni maji ya ndani, halina kujaa na kupwa kwa bahari, na ule muda wa baharini usitegemee kuupata huko.

Fedha, nyumba na subira

Sitaji mishahara, kwa sababu inatofautiana kwa mwajiri na kwa mkataba, na tarakimu za mitaani huwadanganya wazazi. Nitasema hivi: rubani hulipwa zaidi, lakini anafika kwenye malipo hayo akiwa amechelewa. Kabla ya hapo ataishi kwa mikataba ya miezi kadhaa mfululizo mbali na nyumbani. Mkataba wa kazi za mabaharia, MLC wa 2006, unataka muda wa kukaa melini bila likizo usifike miezi 12. Misiba itapita hayupo. Nahodha wa tagi hufanya zamu, usiku na sikukuu zikiwemo, kisha analala kwake Kigamboni au Temeke na anaweza kupanda basi la Mbeya kwenye likizo yake.

Kikwazo cha njia ya meli kubwa ni nafasi ile ya kwanza ya miezi 12. Meli za kuwapokea wanafunzi wetu ni chache, na wapo waliomaliza darasani wakakaa mitaani wakingoja. Hapo ndipo madalali huingia. MLC inakataza wakala wa ajira kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Baharia anaweza kugharimia cheti cha afya, kitabu cha baharia, pasipoti na mambo kama hayo, basi. Anayekuambia uuze shamba la miti Mufindi ili mtoto apate meli, mwache aende.

Nani aende wapi

Kijana mwenye hesabu nzuri, Kiingereza cha kujiamini, asiyesumbuliwa na upweke, na familia inayoweza kungoja bila kumdai atume fedha kila mwezi, aende meli kubwa na aulenge urubani. Nafasi ya mafunzo melini ikipatikana, aichukue hata kama meli ni mbaya na mbali.

Kijana mwenye mikono, anayependa mitambo, anayetaka kuona matokeo ya kazi yake jioni ile ile, au ambaye wadogo zake wanamtegemea, aende tagi. Mimi siioni kama kazi ya waliokosa. Rubani bora duniani hawezi kuifikisha meli ya mita 300 gatini salama, upepo ukiwa ubavuni, kama watu wa tagi ni dhaifu. Wasichana nao wasijitoe; kishikio cha tagi hakihitaji misuli, na ngazi ya rubani inahitaji mwili mwepesi wenye mazoezi.

Ambaye bado hajui, aanze na njia ya meli kubwa, kwa sababu kutoka baharini kuja kwenye tagi ni rahisi kuliko kutoka kwenye tagi kwenda baharini.

Kabla ya kulipa ada yoyote, mpeleke kijana kwa daktari wa macho hapo Mbeya au Iringa apimwe kutofautisha rangi. Afisa wa sitaha lazima atambue taa nyekundu na ya kijani usiku, za meli na za maboya ya mfereji, na asiyeziona hapewi cheti cha afya kwa kazi hiyo, awe anaelekea urubani au tagi. Wavulana ndio huwa na tatizo hili zaidi, na wengi hawajui kuwa wanalo. Mfundishe pia kuogelea, kwa sababu mafunzo ya lazima ya kujiokoa majini hufanyika ndani ya maji na watoto wetu wengi hufika chuoni hawajui. Na kama tayari yuko kwenye chombo chochote, aiulize TASAC kwa maandishi muda anaoupata unahesabika kwa cheti kipi, kisha aitunze barua ya majibu pamoja na kitabu chake cha baharia.